Maombi Arobaini na Matatu ya Dirisha

Marehemu baba yao aliwajua wanawe, ndiyo maana alijenga ukuta angali hai. Nyumba moja, paa moja, milango miwili inayotazama barabara: upande wa kushoto mwanawe wa kiume aendelee na kazi ya mihuri, upande wa kulia binti afungue saluni. Akawaambia, haya, msije mkanisumbua kaburini. Wala hawakumsumbua. Walisumbuana wenyewe.

Huyo wa kushoto mtaa mzima ulimwita Fundi Mihuri. Alikuwa mtu mfupi, wino haumtoki kwenye kidole gumba hata akisugua kwa brashi, na aliamini kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea. Ofisi zote za mji ziligonga mihuri yake: shule, mahakama, hospitali, mpaka mochwari. Alichonga mpira kwa wembe, herufi kinyumenyume, na chini ya kila neno akaweka kinukta kimoja, alama yake, kisichoonekana na mtu ila yeye. Mkewe akitaka kwenda kumsalimia mama yake mzazi, sharti aandike barua ya ruhusa. Mwanzoni mama wa watu alidhani ni mzaha wa mapenzi. Alipopokea jibu limegongwa muhuri na tarehe, akajua ameolewa na ofisi.

Dada yake, huyo wa kulia, ndiye Msusi. Miaka tisa iliyopita aliingia kwa kaka yake na kitana kichwani, akasema, "Kaka, saluni yangu giza. Nasuka watu kwa kupapasa. Nitoboe dirisha kwenye huu ukuta wetu, kwako kuna mwanga mpaka unamwagika."

Fundi hakuinua uso. "Andika barua."

Dada alicheka. Alichana kipande cha boksi la dawa ya nywele, akaandika hapohapo: Naomba dirisha, sentimita tisini kwa sitini, ni mimi mdogo wako. Fundi akasoma. Akatazama ukuta, akaona rafu zake zilizojaa sampuli za mihuri, kazi ya miaka mingi. Na mkono, kwa mazoea tu, walahi hakuwa na nia mbaya, ukanyanyua muhuri na kuugonga. IMEKATALIWA. Kwa wino mwekundu.

Msusi alikitazama kile kipande cha boksi, akamtazama kaka yake. "Sawa," akasema. Basi. Hilo ndilo neno la mwisho walilosemezana kwa miaka tisa.

Lakini barua hazikukoma. Kila baada ya miezi miwili mitatu lilikuja ombi jipya la dirisha, safari hii kwenye karatasi safi, lenye kumbukumbu namba na vipimo. Mwanzoni yalianza na "Kaka", baadaye "Ndugu", halafu "Kwa Mkazi wa Upande wa Kushoto". Naye alijibu "Kwa Mkazi wa Upande wa Kulia", akagonga, akaweka nakala kwenye faili. Tarishi alikuwa mkewe. Anatoka mlango huu, anaingia ule, hatua kumi na moja. "Wifi, imekataliwa," anasema. "Nilijua, wifi, keti nikupake mafuta," anajibiwa. Maombi yakafika arobaini na matatu. Watu wazima hao, wenye akili zao.

Kisha damu ya Fundi ikaharibika.

Ilianza kwa uchovu, ufizi ukatoa damu, madoa meusi yakatokea miguuni kama kapigwa na watu asiowaona. Hospitali kubwa wakasema ni saratani ya damu. Akapewa dawa kali, ikaondoka. Ikarudi. Akapewa nyingine kali zaidi, ikaondoka miezi mitatu, ikarudi na mizigo yake yote. Daktari wa damu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, anayesema haraka, asiyezunguka mbuyu.

"Hii yako ni sugu," alisema. "Dawa peke yake haziiwezi tena. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kiwanda chako kimeharibika. Tutakifuta chote, halafu tutakupandikizia seli shina, mbegu za kiwanda kipya, kutoka kwa mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Anayefanana nawe kwa ndani. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Una ndugu?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Anaye. Yuko ukutani."

"Pole sana," daktari akasema. "Alifariki lini?"

"Hajafariki. Yuko upande wa pili wa ukuta."

Daktari akawatazama mmoja baada ya mwingine. Fundi akauliza, je, tusipofanya hivyo? Daktari akasema ni miezi, tena si mingi. Alisema polepole safari hii, na kwa hilo Fundi akaogopa kuliko kwa maneno yenyewe.

Jioni ile akakaa mezani, akachukua karatasi. *Yah: Ombi la Seli Shina.* Mkewe alipochungulia begani alishika kiuno. "Baba wee! Unakufa, na bado unaandika 'Yah'?"

"Utaratibu ni utaratibu."

"Nenda ukamgongee mlango! Hatua kumi na moja!"

Hakwenda. Si kiburi tu, tuseme ukweli. Aliona haya. Mtu uliyemkatalia tundu la ukutani mara arobaini na tatu, utamtazama vipi usoni umwombe mafuta ya mifupa yake? Karatasi haina uso. Akaandika sababu za maombi: kwanza, mwombaji ni mgonjwa, pili, mwombaji hana ndugu mwingine. Hapo pa pili kalamu ilikwama kidogo. Mkewe akapeleka.

Jibu lilirudi kabla chai haijapoa, lakini halikuwa jibu, ilikuwa oda. Mkazi wa Upande wa Kulia anaarifu kwamba hana muhuri wa kujibia maombi. Kwa kuwa fundi wa mihuri mjini ni mmoja tu, anaagiza miwili: mmoja wa IMEKUBALIWA, mmoja wa IMEKATALIWA. Iwe tayari Ijumaa, saa nne asubuhi.

"Hee!" mkewe akasema. "Wifi yangu mwanamke."

Basi mgonjwa akajikongoja dukani, akachonga. Mkewe alisimama karibu akimnong'oneza kama shetani wa heri. "Huo wa pili upinde kidogo. Uharibu herufi. Akigonga usisomeke."

"Muhuri mbaya hautoki dukani kwangu."

"Utatoka wewe basi, ukiwa umebebwa!"

Hakuharibu. Alichonga yote miwili kwa moyo mmoja, akaijaribu kwenye kioo na kwenye karatasi, akaweka vinukta vyake. Tena ule wa IMEKATALIWA, kwa sababu aliuchonga wa mwisho mkono ukiwa umeshazoea, ulitoka mzuri zaidi. Ijumaa saa nne kasoro dakika tano mkewe akaipeleka, ananuna.

Ijumaa ikapita. Jumamosi Fundi akabandika sikio ukutani, kati ya rafu mbili. Sauti ya muhuri anaijua hata usingizini. Alisikia mashine ya kukaushia nywele, akasikia wanawake wakicheka, akasikia dada yake akimwambia mtu "inamisha kichwa". Hakusikia muhuri ukigongwa. Jumapili hakula. Alimwambia mkewe kwamba kungoja jibu kunachoma kuliko dawa zote alizowahi kutundikiwa, na mkewe akasema, "Ndiyo ulikuwa hujui?"

Jumatatu asubuhi barua yake ikarudi. Akaigeuza mbele na nyuma akitafuta muhuri. Hamna. Chini kabisa, kwa kalamu ya kawaida, kulikuwa na neno moja: *Lini?*

Fundi Mihuri akaketi sakafuni, akalia mpaka kamasi zikachafua nakala ya faili.

Wakapimwa, wakalingana kila kitu. "Ni kama mlitoka kwenye kalibu moja," daktari alisema, naye Fundi akauliza kama dada yake ameambiwa. "Ameambiwa. Amesema, ndiyo bahati yangu hiyo."

Fundi akaingizwa kwenye chumba cha peke yake, chenye kioo kikubwa upande wa korido, akapewa dawa za kufuta uboho mpaka akabaki mweupe ndani kama daftari jipya. Msusi naye, katika jengo hilohilo, alichomwa sindano siku tano za kuzifukuza seli shina zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Mgongo ukamuuma, nyonga zikamuuma. "Mtu huyu," alimwambia muuguzi, "hata mifupa yangu hakuiacha." Kisha akalazwa karibu na mashine saa tano nzima, damu inatoka mkono huu, inachujwa, inarudi kwa mkono ule, naye anamwelekeza muuguzi jinsi ya kutunza nywele zake.

Mfuko ulipoletwa, Fundi alishangaa. Ulikuwa mdogo, mwekundu, umejaa nusu.

"Ndiyo hiki tu?"

"Ulitaka gunia?" muuguzi akasema, akautundika.

Daktari alikuwa ameshamwonya. Mwili unaweza kuzikataa zile seli. Au zenyewe, zikishajiona ugenini, zikaushambulia mwili: ngozi, tumbo, ini.

"Yaani dada yangu atakuwa ndani yangu, na bado anaweza kunipiga?"

"Kabisa."

"Basi ni yeye mwenyewe," Fundi akasema.

Siku ya pili, kabla Msusi hajarudi nyumbani, alipita koridoni. Akasimama mbele ya kioo. Kati yao palikuwa na hatua tatu, na simu ya ukutani ya kuongea na mgonjwa ilikuwa ikining'inia palepale karibu na sikio lake. Hakuigusa. Akatoa karatasi mkobani, na kwa kuwa karatasi haziruhusiwi kuingia mle ndani, akaibandika kiooni. Aliibandika upande usiofaa, maandishi yakaelekea kwake mwenyewe, lakini taa ya korido ikapenya na Fundi akayasoma kinyumenyume bila taabu yoyote: *Mkazi wa Upande wa Kulia anauliza kama zimefika.*

Fundi akatikisa kichwa, ndiyo. Dada akakunja karatasi, akaenda zake. Muuguzi aliyeona yote hayo alikwenda kuwasimulia wenzake, wakakataa kuamini.

Zikaja siku mbaya. Kinywa kikawa kidonda kitupu, homa ikapanda, hesabu ya chembe ikawa sifuri, sifuri, sifuri. Mkewe alikuwa nje ya kioo akiomba Mungu kwa sauti. Siku ya kumi na tisa daktari akaja na tarakimu ndogo iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Zinapanda. Mtu wa ndani ameanza kazi.

Aliporudi nyumbani alikuwa kipara, amekonda, ana barakoa na orodha ya makatazo ndefu kuliko sala: asile kibichi, asikae na wenye mafua, asikaribie vumbi mpaka seli zithibitike kushika, na mwaka mzima tangu hapo. Mtaa ukakaa mkao wa kula, ukingoja ndugu wapatane. Hawakupatana. Fundi alijaribu kuandika barua ya shukrani. Akaanza "Kwa Mkazi", akachana. Akaanza "Dada", akachana. Akachana kumi na moja. Halafu barua ya shukrani inagongwa muhuri gani? Alipekua rafu zote, hakuupata.

Lakini kilichomtafuna si hicho. Kilichomtafuna ni kwamba ombi la arobaini na nne halikuja. Miezi miwili, mitatu, minne. Dada alimpa damu, akamnyima barua. Alijikuta anamuuliza mkewe asubuhi na jioni, "Hamna kitu kutoka kulia?" na mkewe anajibu, "Hamna." Aliogopa kwamba yule mtu sasa amekwisha malizana naye, amempa alichompa kama anavyopewa ombaomba ili aondoke mlangoni.

Mwezi wa tano daktari akamwagiza apime kundi la damu kwenye hospitali ndogo ya karibu. "Wewe ni B, dada yako ni O," alisema. "Seli zimeshika, lakini tunakwenda kwa hofu bado. Siku damu yako ikiwa O, mwenye nyumba ni yeye, na mimi nitalala usingizi."

Akaenda na mkewe, akatolewa damu, wakaketi benchi la mbao. Baada ya saa nzima mtu wa maabara akaita kutoka dirishani kwake, mtu mnene mwenye miwani, amekasirika.

"Bwana, unanichezea? Faili lako hapa, miaka yote, linasema B. Hii uliyoniletea ni O. Damu ya nani hii?"

"Ni nini?" Fundi akasimama. "Rudia. Ni nini?"

"Ni O! Na wewe si O!" Akavuta fomu, akanyanyua muhuri, akagonga, akaisukuma nje.

Mkewe alikwishaanza kupiga vigelegele, benchi zima limegeuka. Fundi naye alikuwa anacheka ndani ya barakoa, machozi yanamtoka, amekamata fomu kwa mikono miwili. Kisha akaitazama. IMEKATALIWA. Chini ya neno, kinukta. Maisha yake yote hajawahi kupokea muhuri wake mwenyewe. Alijua uzuri wake, alijua kina cha herufi, lakini hakuwahi kukaa upande huu wa meza. Furaha yote aliyokuwa nayo haikuzuia ule wekundu kumchoma, na alijaribu kuzihesabu zile mara arobaini na tatu za dada yake, akashindwa kufika hata tano.

"Mwenye damu ni dada yangu," alisema.

"Basi aje mwenyewe, aandike maelezo, atie sahihi. Utaratibu ni utaratibu."

Mkewe akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni, akatoka mbio.

Msusi alifika na aproni, mikono imejaa mafuta, na nyuma yake mteja aliyesukwa nusu kichwa, nusu nyingine imesimama, kwa sababu hakukubali kuachwa peke yake akiwa katika hali ile. Mtu wa maabara akasukuma karatasi na kalamu. "Mama, andika hapa uhusiano wako na huyu, na hii damu."

"Siandiki."

"Mama, utaratibu—"

"Nimesema siandiki. Nimemwandikia mwanamume mmoja barua arobaini na tatu, wino wangu umekwisha. Nasema kwa mdomo, we andika ukitaka. Huyu ni kaka yangu. Tumbo moja, ziwa moja. Hiyo damu ilikuwa yangu, nikampa, sasa ni yake. Mpimie anachotaka kupimiwa, usimsumbue, anaumwa." Akageuka. "Na wewe barakoa iko kidevuni. Ipandishe."

Fundi akaipandisha.

"Hee," mteja wa nusu kichwa akasema, "kumbe mnaongea?"

Wakarudi kwa miguu, wanne, barabara nzima inatazama kile kichwa. Fundi alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuthubutu. "Ile mihuri miwili. Uliifanyia nini?"

"Imo kwenye droo ya vibanio."

"Hukugonga hata mmoja."

"Sikuiagiza nigonge. Jibu nilikuwa nalo tangu wifi alipoingia na ile barua. Niliagiza ili uketi ungoje siku tatu, uone kungoja kulivyo."

Fundi alitembea hatua nyingi. Hakuwa na karatasi. "Samahani," alisema.

"Sikusikia."

"Samahani, mdogo wangu."

"Nilisikia tangu ya kwanza," dada akasema, akaingia mlango wake, mteja nyuma.

Mchana uleule Fundi akateremsha rafu. Mihuri yote, ya shule, ya mahakama, ya mochwari, akaipanga sakafuni, mpaka ukuta ukabaki mtupu. Akachukua nyundo. Mpigo wa kwanza tu, sauti ikatoka upande wa pili.

"Kaka! Hiyo ni nyundo?"

"Ndiyo!"

"Iweke chini! Vumbi! Mwaka mzima umekatazwa vumbi! Unataka kuniulia seli zangu?"

Akaiweka. Akasimama na kile kipara chake, anahema. Mwaka mzima. Kwa mtu aliyewahi kuambiwa miezi si mingi, mwaka ni kitu kikubwa kukipanga. Akatafuta chaki. Hakuhitaji faili, vipimo anavijua kwa moyo: tisini kwa sitini. Akachora dirisha ukutani kwa rula, akagonga kwa kifundo cha kidole katikati.

Kutoka ng'ambo ukuta ukagongwa, palepale, chini ya kidole chake.

"Umejuaje ni hapa?" Fundi akauliza.

"Kwangu limechorwa tangu barua ya kwanza. Nimelitundikia na pazia. Wateja wengine huniambia nilifungue."

Fundi akaweka paji la uso kwenye chaki. "Utangoja huo mwaka?"

"Nimengoja tisa," dada yake akasema. "Wewe kazi yako ni kuwa hai tu."